UZI: Kusoma historia chuo sio zile pointi sita za form six (madogo wa Moshi na Arusha pitieni hapa kabla hamjajaza)

Meku wa Kiboriloni:

Habari za jioni wakuu.

Msimu huu wa kujaza vyuo kila nikikaa kijiweni lazima atokee mzazi anivute pembeni, "wewe si ulisoma historia, huyu wangu katoka na HGL (historia, jiografia na kiingereza), afanyeje?" Nimejibu mpaka nimechoka, naandika hapa mara moja, atakayeniuliza tena namtumia linki. Mimi nilisoma BA ya ualimu, historia na kiswahili, sasa hivi nafundisha shule ya binafsi huku huku Moshi. Chuo na shule sitaji.

Iko hivi. Advansi tulikariri, tusidanganyane. Swali likija "kwa nini upinzani wa Waafrika ulishindwa" unashusha utangulizi, pointi sita, hitimisho, unapiga mstari chini unasubiri kengele. Chuo ukiandika hivyo C itakuwa bahati, maana mhadhiri pointi zako anazijua toka zamani, yeye anataka umwambie umejuaje. Nani kasema? Alikuwepo? Aliandika lini, anamwandikia nani, na nani hakuulizwa? Semina ya kwanza wengi wanachanganyikiwa hapo, mtu alikuwa na A yake ya advansi anajikuta hana la kusema.

Chukua huu mlima wetu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipita huku akaona theluji juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake wa safari alimwambia ile nyeupe ni baridi tu, yeye akajiongeza kuwa ni theluji, akaandika, ikachapishwa Ulaya. Kule London kuna msomi wa jiografia, William Desborough Cooley, mtu ambaye Afrika hajakanyaga hata siku moja, akakataa katakata, theluji karibu na ikweta haiwezekani, na watu kibao wakamsikiliza yeye. Form six hiyo habari ni mstari mmoja, "Rebmann mzungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro", unasonga mbele. Chuo swali ndo linaanzia hapo, kwa nini aliyekaa na vitabu London aliaminiwa kuliko aliyeona kwa macho? Na Wachagga waliozaliwa chini ya ule mlima walikuwa wanajua nini kuhusu kilichoko juu, Rebmann aliwauliza wangapi, na alielewa kiasi gani?

Mfano wa pili utanigombanisha na watu ila ngoja niuseme. Wote tumekua tukiambiwa Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu ndiye alimfikisha Mjerumani Hans Meyer kileleni 1889. Mnara upo, picha zipo, ukipita geti la Marangu utasimuliwa. Sasa fungua kitabu cha Meyer mwenyewe. Tarehe 6 Oktoba 1889 kileleni anajitaja yeye na Ludwig Purtscheller, basi, na aliyekaa nao kambi ya juu anamtaja Mwini Amani wa Pangani. Jina la Lauwo lilikuja kupaa kwenye sherehe za miaka 100 mwaka 1989, mzee akiwa bado hai, akafariki 1996. Piga hesabu ya umri mwenyewe. Asaimenti kama hiyo ukipewa utafanyaje? Ukisema "babu kadanganya" umefeli, ukisema "mzungu kadanganya" umefeli pia. Kazi yako ni kukaa na vyote viwili na kueleza kila kimoja kimetokea wapi.

Kama hilo linakusisimua, njoo historia. Kama linakuboa, chukua kitu kingine mapema, miaka mitatu ni mingi.

Nawasilisha, karibuni.

Mhanga wa HKL:

Umenikumbusha mbali mkuu. Kozi ya historiografia (jinsi historia inavyoandikwa) ilinitoa machozi, nilidhani ni historia ya jiografia.

Marangu Original:

Mleta mada unatukosea sana. Kwa hiyo mzungu akiandika alikuwa na mzungu mwenzake tu, hiyo ndo historia, lakini sisi tuliosimuliwa na babu zetu ni hadithi za kahawani? Hao wazungu walibebewa mizigo, walipikiwa, walioneshwa njia msituni, halafu kwenye kitabu mlima wameupanda wawili. Mnasoma mpaka digrii mnarudi kutuvunjia heshima wazee.

Meku wa Kiboriloni:

@Marangu Original pole bro, lakini wewe umeandika kitu ambacho mhadhiri angekupa alama nzuri, sikutanii. Hiyo hoja yako ya wapagazi ndo hoja yenyewe. Meyer alikuwa anaandikia wasomaji wa Ujerumani, ile ncha ya juu kabisa akaipa jina la Kaiser Wilhelm, mtu wa namna hiyo alikuwa na sababu zote za kumfanya Mchagga aonekane mzigo tu kwenye safari yake. Kwa hiyo ukimya wake haumfuti Lauwo. Lakini na kumbukumbu ya mwaka 1989 nayo ina wenyewe, kulikuwa na sherehe, kulikuwa na utalii, kulikuwa na hamu ya kuwa na shujaa wetu, na hamu hiyo siilaumu. Inawezekana mzee alipanda na msafara mwingine miaka iliyofuata, inawezekana alikuwepo huo wa 1889 akaishia chini. Ukoo wenu una nini zaidi ya mnara? Wapagazi walilipwa na nani? Mangi (chifu) Marealle alitoa watu wangapi? Hapo ndo pa kuchimba, na kijana wa Marangu anayejua nani amuulize ana nafasi kubwa kuliko profesa wa nje.

Marangu Original:

Sawa, hapo angalau umeongea kiutu. Ila mnara hautoki.

Meku wa Kiboriloni:

Nani kasema utoke 😂

Mzee wa Usaili:

Wakuu mnaongea mambo mazuri ya kilele cha mlima, tushuke kwenye ugali. Mimi nina digrii ya historia na jiografia, GPA sio ya aibu, niko Soweto hapa Moshi na bodaboda. Walimu wa sanaa tuko kama mchanga, ajira zikitoka wanaotafutwa ni fizikia na hesabu, sisi tunaitwa usaili tunajaa uwanja mzima kugombea nafasi za kuhesabu kwa vidole. Bodi ya mikopo wao hawajali una kazi au huna, siku ukipata watakata. Mwambieni dogo ukweli wote, msimwambie nusu.

Meku wa Kiboriloni:

Hapo sina ubishi na wewe. Dogo ambaye nyumbani wanamsubiri amalize tu aanze kusomesha wadogo zake, na anaweza sayansi, aende sayansi. Simshauri mtu achukue historia kwa sababu "ni rahisi". Kwanza sio rahisi, pili soko lake ndo hilo ulilosema. Sisi tuliopo private tunajua tunavyolipwa, tuishie hapo.

Kuna kitu kimoja tu cha kufuatilia: hili somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, ni la lazima na linafundishwa kwa kiswahili. Shuleni kwetu aliyesoma historia na kiswahili ndo anakimbiliwa, wenye historia na jiografia wanasubiri vipindi. Sisemi serikali itaajiri, sijui mambo ya serikali, nasema nilichokiona kwenye ratiba ya shule ninayofundisha.

Chalii wa Ngarenaro:

Oya, Arusha tupo. Mmekaa na mlima wenu hapo mmesahau huku ndo historia imelala barabarani.

Mimi desertesheni yangu niliandika kesi ya ardhi ya Wameru. Kwa wasiojua, mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru kama 3,000 Engare Nanyuki ili eneo wapewe masetla wafuge, ikawa ni kutekeleza mapendekezo ya tume ya Jaji Wilson ya 1947, watu wakaambiwa wahamie Kingori. Nyumba zikachomwa. Wameru wakachangishana, mwaka 1952 Kirilo Japhet na mwanasheria Earle Seaton wakafika mpaka New York kwenye Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini kwa hiyo mlango wa malalamiko ulikuwepo. Baraza Kuu azimio halikufikisha theluthi mbili, ardhi haikurudi wakati ule, ila ile kelele ilisikika Tanganyika nzima miaka miwili kabla TANU haijazaliwa.

Sasa utamu uko hapa. Ripoti za serikali zinaongea ekari, mifugo, mpango wa maendeleo, Kingori maji yatakuwepo na mbung'o watadhibitiwa. Barua za Wameru zinaongea ardhi ya baba zetu, na hata hizo nazo zimeandikwa kwa lugha ya mwanasheria. Nikasema ngoja niende kwa walioishi. Nikampata bibi mmoja, wakati ule alikuwa binti mdogo wa kuchunga mbuzi. Nimejipanga na maswali yangu ya Umoja wa Mataifa, bibi wala hana habari nayo. Yeye ananisimulia loshoro (chakula cha mahindi na maziwa mgando) iliyoachwa kwenye kibuyu jikoni, mama yake alitaka kurudi kuichukua wakamzuia, na mbwa wao alibaki anabweka. Aliongea hiyo loshoro karibu nusu ya mazungumzo. Mimi nakata tamaa kimoyomoyo, nasema hapa nimepoteza nauli.

Supavaiza wangu alivyosoma zile nukuu akapiga mstari hapo hapo kwenye loshoro akaandika pembeni, "sura nzima inatoka hapa". Maana ndo ilikuwa inaonesha watu walitolewa kwa kasi gani, muda wa kubeba chakula cha siku hiyo hawakuwa nao, wakati serikali ilikuwa inasema wamepewa taarifa mapema. Na wote wanaweza kuwa wanasema kweli! Taarifa ilitolewa, watu wakagoma kuondoka, siku ya siku malori yakaja. Hiyo kitu hakuna desa (notisi za kurithishana) lolote lingenipa.

Mhanga wa HKL:

Sisi wengine desertesheni tulinunua tayari duka la stationery, tusamehewe 🙈

Chalii wa Ngarenaro:

@Mhanga wa HKL ndo maana mnasema historia haina maana. Hukuisoma wewe, ulilipia risiti.

Halafu @Mzee wa Usaili nakuelewa kabisa mzazi, mtaa ni mgumu, mimi mwenyewe naongoza watalii. Lakini kwenye gari mgeni akiniuliza pale Kaloleni kuna nini, namwambia kwenye lile jengo ndo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha, likatangazwa tarehe 5 Februari, halafu namuelezea mashamba ya mkonge na mabenki yaligeukaje kuwa ya umma. Wenzangu wanaishia "huu ni mnara wa mwenge, piga picha". Tipu sio sawa.

Na kuna ile mahakama ya Rwanda, ICTR, ilikaa hapa hapa jengo la mikutano la AICC mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015. Hukumu ya Akayesu ya Septemba 1998, ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, imesomwa Arusha. Mwanahistoria Alison Des Forges alikuwa anapanda kizimbani kama shahidi mtaalamu, anabanwa na mawakili kila sentensi. Semina zetu za chuo ni chai tu ukilinganisha na pale. Kumbukumbu za kesi zipo Lakilaki, na nyingi ziko wazi mtandaoni, dogo wa Arusha anaacha hizo anaandika desertesheni ya "mchango wa wamisionari katika elimu" iliyoandikwa na watu mia kabla yake.

Dogo PCB Iliyokataa:

Shikamooni wakubwa. Mimi nimetoka HGK, nataka sana historia ila nimesikia chuo kila kitu kiingereza na kusoma ni kurasa nyingi mno. Kuna wa kunielekeza ujanja? Na eti mmoja kaniambia nijifunze kijerumani, ni kweli au ananipoteza?

Meku wa Kiboriloni:

Marahaba dogo.

Kurasa ni nyingi kweli, na hakuna atakayekusomea. Usisome kama gazeti. Anza na utangulizi na sura ya mwisho ujue mwandishi anabishana na nani, maana kila kitabu cha historia kinabishana na mtu hata kama hamtaji. Ukishajua ugomvi ni upi, sura za katikati unazipitia unatafuta ushahidi wake uko imara wapi na wapi umelegea. Kiingereza kitakaa chenyewe, wengi tuliingia nacho cha kuombea maji, cha msingi semina usikae nyuma kimya. Na bumu (hela ya mkopo) likiingia usilimalize lote wiki ya kwanza, kopi za readings zinakula hela.

Kijerumani hajakupoteza huyo. Fikiria Bruno Gutmann, mmisionari aliyekaa Old Moshi miaka na miaka, kaandika sheria na mila za Wachagga vitabu vinene, vyote kijerumani. Faili za wakati wa Mjerumani pale Nyaraka za Taifa, Upanga, nazo ni kijerumani, tena mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo anaukodolea macho. Mambo ya Mangi Meli, Wajerumani walimnyonga Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 na viongozi wenzake, familia inasema kichwa kilipelekwa Ujerumani, mpaka leo inakitafuta. Mwaka 2023 Berlin wakatangaza vipimo vya DNA vimepata ndugu wa Akida, aliyekuwa msaidizi wa Meli, fuvu lake lilikuwa kwenye mikusanyo ya kule. Cha Meli mwenyewe hakikuwemo. Sasa wewe kijana wa Kilimanjaro ukiweza kusoma daftari la aliyepokea yale mafuvu bila kumsubiri mtu akutafsirie, utakuwa kwenye foleni fupi sana. Mwaka wa kwanza jifunze kidogo kidogo hata kwa simu.

Kingine, usidharau kwamba wewe ni wa digrii ya kwanza. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwatuma wanafunzi wa digrii ya kwanza vijijini kukusanya simulizi za Maji Maji kwa wazee walioishi ile vita. Wazee wale wangekufa na maneno yao. Baadaye wanahistoria wengine wakaja kuhoji kama ile kazi haikuvutwa mno kuonesha taifa zima liliungana, enzi zile za wanahistoria Ranger na Kimambo nchi ilikuwa mpya na kila mtu anatafuta historia ya kujivunia, na wanaobishana mpaka leo wanarudi kwenye mahojiano yale waliyokusanya wanafunzi.

Mzee wa Usaili:

Haya ya kijerumani sikuwahi kuambiwa na mtu. Ningeanza zamani ningekuwa hata taasisi ya kijerumani ya Goethe nafundisha.

Mama wa Kihamba:

Jamani samahani naingilia, mimi sijasoma hiyo digrii, nipo Uru, nimeolewa huku. Nimesoma uzi wote nikicheka na loshoro. Baba mkwe alikuwa karani wa chama cha msingi cha kahawa enzi za KNCU (ushirika mkuu wa kahawa Kilimanjaro), ana sanduku la bati chini ya kitanda limejaa vitabu vya risiti, barua zenye mihuri, na daftari la majina ya wakulima na kilo walizoleta. Mchwa wameanza pembeni. Mume wangu anataka tuchome tupate nafasi, mwingine kaniambia tufanye lamineshini. Hivyo vitu vina maana yoyote au ni uchafu tu?

Meku wa Kiboriloni:

MAMA USICHOME. Na lamineshini usifanye, ule moto na ile plastiki vinaua karatasi ya zamani, haitengenezeki tena.

KNCU ilianza 1933 ikachukua nafasi ya chama cha wakulima cha 1925, vitabu vimeandikwa juu ya viongozi wake na ugomvi wao na serikali, ila daftari la nani kaleta kilo ngapi kwenye chama kimoja cha Uru ni nadra mno. Hapo unaona mwaka wa bei nzuri mtu alileta kiasi gani, mwaka wa ukame akapotea, mjane aliandikishwa kwa jina lake au la mwanae mdogo, kihamba (shamba la familia) kilivyogawanywa kilo zikagawanyika kwa wadogo wawili. Familia nzima inaonekana kwenye kilo.

Fanya hivi: toa vitu kwenye bati wakati wa jua, sio juani lakini, kivulini penye upepo. Pini na klipu zenye kutu zitoe taratibu. Usibadilishe mpangilio wake, alivyopanga mzee ndo hivyo hivyo, hata kama unaona vurugu. Piga picha kila ukurasa kwa simu, mchana, bila flashi. Halafu kaa na mzee wakati anaweza kuongea, akueleze ile mihuri ni ya nani na zile alama za kalamu nyekundu zinamaanisha nini, rekodi. Usimpe mtu yeyote aondoke nazo, hata akija na kitambulisho cha chuo, akitaka asomee hapo hapo mezani kwako.

Chalii wa Ngarenaro:

Naongezea, asije mtu wa "nanunua vitu vya kale" akakupa elfu ishirini. Wapo wengi siku hizi.

Dogo PCB Iliyokataa:

Mama naomba nije kupiga picha, niko Kibosho, natembea tu. Simu yangu kamera ni nzuri na sasa hivi sina kazi mpaka vyuo vifunguliwe.

Mama wa Kihamba:

Karibu mwanangu ila njoo Jumapili baada ya ibada, mzee siku za kazi anashinda shambani na funguo za sanduku anatembea nazo mfukoni. Na uje na barua ya mwenyekiti wako wa kijiji, anapenda sana barua huyo.

Mzee wa Usaili:

@Dogo PCB Iliyokataa ukitaka boda kutoka Kibosho mpaka Uru nipo, bei ya mwanahistoria.